Magoli Mawili ya Edgar Street: Mashabiki wa Hereford na Mechi ya 1972

Mabibi na mabwana, wapenzi wa kandanda, wakubwa zangu shikamooni.

Watazamaji waliohesabiwa rasmi katika mechi ya Kombe la FA, kombe la mtoano la Uingereza, kati ya Hereford United na Newcastle United, uwanja wa Edgar Street, mjini Hereford, Jumamosi ya tarehe 5 Februari 1972, walikuwa 14,313. Nenda Hereford ukaulize wazee wa mji nani alikuwepo siku ile, mikono itakayonyooshwa itazidi uwezo wa uwanja wenyewe. Kuna wanaowaita watu hao waongo. Mimi nakataa, na nimekuja kueleza kwa nini nakataa.

Hereford ni mji mdogo wa magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Sifa yake duniani ni ng'ombe wa nyama, wale wekundu wenye uso mweupe, na timu yao ya Hereford United iliitwa Mafahali. Mwaka ule wa 1972 ligi ya Uingereza ilikuwa na timu 92 katika madaraja manne, na Hereford haikuwa miongoni mwao. Ilicheza Ligi ya Kusini, nje kabisa ya madaraja hayo. Na kuingia ndani hakukuwa suala la kushika nafasi ya kwanza kama tulivyozoea leo. Ilikuwa kura. Timu nne za mkiani ziliomba zibakizwe, za nje ziliomba zichukuliwe, kisha wenye ligi wakapiga kura, na mara nyingi waliwabakiza wenzao. Timu ya nje ingeweza kufanya vizuri miaka nenda rudi ikaishia mlangoni. Shabiki wa Hereford aliyepanda jukwaani siku ile alikuwa na dukuduku hilo moyoni, na ndiyo maana mechi ile kwake ilikuwa zaidi ya mechi ya kombe.

Wapinzani walikuwa Newcastle United wa Daraja la Kwanza, lililokuwa daraja la juu kabisa wakati huo, waliobeba Kombe la Fairs la Ulaya mwaka 1969, wakiwa na mshambuliaji Malcolm Macdonald aliyenunuliwa kutoka Luton kwa pauni 180,000. Upande wa Hereford kulikuwa na kocha mchezaji, Colin Addison, na kiungo Ronnie Radford, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa useremala.

Hereford hawakufika hapo kwa bahati ya siku moja. Raundi ya pili walicheza na Northampton Town mara tatu ndipo mshindi akapatikana. Raundi ya tatu wakapangiwa Newcastle, ugenini, St James' Park. Dakika ya kwanza haijaisha, Brian Owen akafunga! Newcastle wakarudisha na kuongoza, Addison akasawazisha kwa shuti la mbali, ikaisha 2-2. Marudiano, nyumbani kwa Hereford.

Mvua ikaingilia kati. Uwanja ukajaa maji, mechi ikaahirishwa, ikapangwa tena, ikaahirishwa tena. Newcastle walikuwa wameshasafiri, wakakaa hotelini Worcester wakisubiri, siku zikapita mpaka nguo walizobeba zikawaishia, wakaenda dukani kununua nyingine. Hatimaye ikaamriwa ichezwe tarehe 5 Februari, siku ambayo timu nyingine zilikuwa tayari zinacheza raundi ya nne. Ukizitazama picha za siku hiyo utaona watu juu ya miti na juu ya nguzo za taa. Hao hawakupita getini. Hawamo katika ile 14,313. Sasa niambieni, mtu aliyetazama mechi nzima amekumbatia tawi la mti, tumwambie hakuwepo?

Uwanja ulikuwa tope tupu. Kwa muda mrefu hakuna aliyefunga. Newcastle waligonga mwamba, kipa Fred Potter akaokoa mengi, na beki wa kulia Roger Griffiths aliendelea kucheza huku mfupa wa mguu wake una ufa. Dakika ya 82 Macdonald akafunga kwa kichwa. Tuwe wakweli, sote tunaijua hali ile: mdogo amepigana, amechoka, mkubwa ameamka dakika za mwisho. Watu huanza kufunga vifungo vya makoti. Griffiths akatolewa, akaingia Ricky George.

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Radford akapigania mpira katikati ya tope, akaupata, wakagongeana na Owen, na mpira uliporudi uliruka kidogo kutoka kwenye tope ukakaa mahali pa kupigwa. Kutoka hapo hadi golini ni kama yadi 30. Radford akaupiga. Ukaenda moja kwa moja pembe ya juu, kipa Willie McFaul akaruka bure. Radford akakimbia mikono juu, na mamia ya watoto na vijana wakamwagika uwanjani wakiwa wamevaa yale makoti yenye kofia. Ukiitazama picha ile hata leo, tazama wale watoto kuliko Radford. Wapo wanaokimbia bila kujua wanakwenda wapi. Wapo waliofika katikati ya uwanja wakasimama.

Muda wa nyongeza, dakika ya 103, Ricky George akapokea mpira ndani ya eneo la hatari, akageuka, akapiga shuti la chini likampita nahodha Bobby Moncur likatinga kona ya mbali. Hereford 2, Newcastle 1. Watoto wakaingia tena. Tangu Yeovil waitoe Sunderland mwaka 1949, hakuna timu ya nje ya ligi iliyokuwa imeitoa timu ya Daraja la Kwanza.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Muulize mtu yeyote anayejua soka ya Uingereza juu juu akutajie goli lililoitoa Newcastle. Atakwambia la Radford. Siyo. La Radford lilisawazisha. Aliyeitoa Newcastle ni Ricky George. Kwa nini basi dunia inakumbuka hivyo? Kwa sababu ya kamera. BBC walimpeleka mtangazaji kijana, John Motson, kwenye mechi iliyotarajiwa kuonyeshwa kwa dakika chache tu mwishoni mwa kipindi cha usiku. Baada ya matokeo yale ikawa ndiyo mechi kuu ya kipindi. Goli la Radford likachaguliwa kuwa goli la msimu, na tangu hapo kila Januari, Kombe la FA likifika raundi ya tatu, linarudishwa kwenye televisheni. Limeonyeshwa mara nyingi mno hata likameza mechi yote. Motson mwenyewe hadi uzeeni alisema siku ile ndiyo iliyomfungulia njia ya kazi.

Kamera ilifanya kazi nzuri na tunaishukuru. Lakini kamera ilibaki na shuti. Mashabiki ndio waliobaki na mechi. Ndani ya Hereford, Ricky George hajasahauliwa hata siku moja. Griffiths na mguu wake hajasahauliwa. Potter hajasahauliwa, Dudley Tyler aliyekuwa akiwasumbua mabeki wa Newcastle kwenye tope lile hajasahauliwa. Ni mashabiki waliowatunza hao, baba akimsimulia mwana, mwana akimsimulia mjukuu, na ndiyo sababu leo mtu aliyezaliwa 1975 anaweza kusema "tulipoitoa Newcastle". Anasema "tulipo". Huyo simwiti mwongo. Amerithi, na urithi hauhitaji tiketi.

Kumbukumbu hukosea. Huongeza umbali wa shuti, hupunguza muda uliobaki, hubadilisha mpangilio wa matukio. Anayetaka dakika sahihi akatafute magazeti ya siku iliyofuata. Ila magazeti hayawezi kukwambia ilikuwaje mji mzima kukaa ukisubiri mvua ikatike, huku mechi ikipangwa na kuahirishwa. Hilo lipo vichwani mwa watu, na watu wanaondoka. Radford alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 79. Motson akamfuata Februari 2023. Mtoto aliyekimbia uwanjani akiwa na miaka 12 sasa ni mzee wa miaka zaidi ya 60.

Niseme haraka yaliyofuata. Raundi ya nne Hereford walitoka sare ya 0-0 na West Ham nyumbani. Wakati huo wachimba makaa ya mawe walikuwa kwenye mgomo na umeme ulikuwa wa mgao, jambo ambalo hapa Tanzania halihitaji maelezo, hivyo marudiano yakachezwa London Jumatatu mchana. Watu 42,271 walikwenda, siku ya kazi. Geoff Hurst wa West Ham akafunga matatu, Hereford wakafungwa 3-1 na kutolewa. Majira ya joto yale yale kura ikapigwa, na safari hii mlango ukafunguka: Hereford wakaingia ligi, Barrow wakatolewa. Msimu wao wa kwanza tu wakapanda daraja. Ricky George baadaye akawa mmoja wa wamiliki wa farasi Earth Summit, aliyeshinda mbio za Grand National mwaka 1998. Kuna watu mungu amewaandikia.

Na mwisho mchungu: Desemba 2014 Hereford United ilifilisiwa mahakamani na kufungwa. Hapa ndipo kumbukumbu ilipofanya kazi ambayo pesa ilishindwa. Mashabiki walisaidia kuunda klabu mpya, Hereford FC, ikaanza ngazi ya chini sana katika uwanja ule ule wa Edgar Street. Mwaka 2016, msimu wake wa kwanza, ikafika Wembley kwenye fainali ya Kombe la Vase, linaloshindaniwa na timu ndogo kabisa, na mji ukahamia London kwa maelfu. Walifungwa 4-1 na Morpeth Town, timu inayotoka pande za Newcastle. Wazee wa kule kaskazini walifurahi, na walistahili.

Kwa nini nawaletea habari za Hereford? Kwa sababu sisi tunazo zetu na hatuzitunzi. Desemba 2017, pale uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam, Green Warriors ya Daraja la Pili iliitoa Simba, waliokuwa mabingwa watetezi wa Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania, kwa mikwaju ya penalti. Mwaka uliofuata Mashujaa ya Kigoma ikaifunga Simba 3-2 jijini Dar es Salaam na kuitoa kwenye kombe hilo hilo. Matokeo tunayo. Nani amekaa na mashabiki wa Mashujaa akawauliza walisikilizia wapi, nani aliwapigia simu, Kigoma ililala saa ngapi? Nani amemwandika shabiki wa Simba aliyerudi na daladala siku ile, bila kuongea na mtu?

Simu zenu zina kinasa sauti. Huhitaji chuo wala kibali. Muulize jina, alisimama upande gani wa uwanja, alikuwa na nani, na nini alikiona ambacho televisheni haikuonyesha. Kisha nyamaza, mwache aseme, hata akikosea dakika.

Tumebakiwa na nusu saa ya maswali. Kama humu ndani yupo aliyekuwa Chamazi ile Desemba ya 2017, awe wa Simba au wa upande wa pili, kipaza sauti kianzie kwake.