Wangeshindwa Tu: Kusema kwa Uhakika Yasiyotokea, kwa Kiingereza

Walimu wenzangu, wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie sentensi za masharti za Kiingereza. Ile habari ya aina ya kwanza, ya pili na ya tatu mnaifundisha kila mwaka, sitawachosha nayo. Nataka tukae kwenye kona moja tu: mtu anataka kutabiri kwa uhakika jambo ambalo halikutokea. Asemeje?

Mfano tunao hapa hapa mkoani kwetu Dodoma, kule Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi wa karanga. Vita vimekwisha, mafuta ya kula yameadimika kwao, wakapanga ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, zilimwe karanga kwa mashine: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Udongo wa Kongwa mvua ikikatika unakauka kama saruji, na karanga, mnajua, huzaa chini ya ardhi. Mvua zenyewe nazo ni msimu mmoja kwa mwaka, na huo mmoja hauna ahadi. Mgogo yeyote angewaambia. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda.

Sasa mpe kijana wa kidato cha tatu sentensi hii: hata mvua ingenyesha vizuri, mradi ungeshindwa tu. Mwambie aiandike kwa Kiingereza. Atakuletea: "Even if it would rain well, the project would must fail." Unachukua kalamu nyekundu, unakata, unaendelea na daftari linalofuata. Tusiendelee kwanza. Kijana huyu hakubahatisha, ana sababu zake.

Kiswahili huweka alama pande zote mbili. Ingenyesha, ungeshindwa: "-nge-" huku, "-nge-" kule. Kijana amefanya hesabu safi kabisa, kwamba "-nge-" ni "would", basi ziwe mbili. Kiingereza kinataka "would" ikae upande wa matokeo peke yake. Upande wa sharti kitenzi kinarudishwa nyuma hatua moja: jambo la sasa lisilo kweli linavaa wakati uliopita, "if it rained", na la jana linarudi nyuma zaidi, "if it had rained". Hapo anakwama mara ya pili, maana katika mazungumzo yetu ya kila siku "-nge-" inabeba yote mawili. "Ungekuja jana ungemkuta," tunasema, na hilo neno jana ndilo linalotuonyesha wakati. "-Ngali-" na "-ngeli-" zipo, lakini mitaani hapa Majengo au Area D utazisikia mara ngapi? Kwa hiyo kijana anaandika "would find" mahali pa "would have found", na haoni tatizo lolote.

Masikio nayo yanamdanganya. Mwingereza akisema haraka, "If I'd known, I'd have come," pande zote mbili inasikika "d" ile ile. Ya kwanza ni "had", ya pili ni "would". Tena Wamarekani wengi wakizungumza husema kabisa "if I would have known". Mwanafunzi anayetazama filamu atakuletea ushahidi huo, na ana haki ya kuuleta. Mwambie ukweli: ni usemi wa mdomoni, kwenye mtihani utamgharimu.

Turudi kwenye ile "would must". Kijana alikuwa anatafuta mahali pa kuweka "tu". Ungeshindwa tu, yaani hakuna namna. Alihisi "would" peke yake ni legevu, na si ajabu, kwa sababu tangu darasani tumemfundisha kwamba "would" ni neno la adabu: "Would you like tea?" Lakini kwenye sentensi ya masharti "would" haina ulegevu wowote. "The project would have failed" ni kauli ya mtu aliyekwisha kuamua. Akiwa na shaka angesema "might have failed" au "could have failed". Ile "tu" ya Kiswahili, Kiingereza huibeba kwa "still": "Even if the rains had been good, the project would still have failed." Mimi naiona hii kuwa sentensi kali kuliko ile iliyojazwa vielezi vitatu.

Na "must have failed" ni jambo jingine kabisa. Ukiona mashamba matupu ukasema "the crop must have failed", unakisia kwamba kweli zao liliharibika. "Would have failed" ikisimama bila ile "even if" na "still" kwa kawaida inasema halikuharibika, ila lingeharibika kama mambo yangekuwa vingine.

Vielezi, kwa haraka. "Certainly" na "definitely" mnaweza kuviamini. "Surely" tunadhani ni hakika, na katika Kiingereza cha Biblia ya zamani ni hivyo, lakini Mwingereza wa leo akisema "surely it would have failed" mara nyingi anakuomba ukubaliane naye. "No doubt" ndiyo inayoniudhi zaidi: inasomeka kama hapana shaka, na mara nyingi inamaanisha nadhani tu.

Halafu mahali pa kukiweka kielezi. "It certainly would not have succeeded": isingefanikiwa kamwe. Sogeza neno moja, "it would not certainly have succeeded", umesema kufanikiwa kwake hakukuwa na uhakika, pengine ingefanikiwa. Mtu anaweza kujikana mwenyewe hivyo kwenye insha na asijue.

Basi tufanye kazi kidogo. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Ubaoni nimeandika: "If TANU had chosen another town in 1973, Dodoma ___ a city by 2018." Mnaweza kuweka "would not have become", au "might not have become", au "would certainly not have become". Zote tatu ni Kiingereza sahihi. Mimi sidhani tuna ushahidi wa kutosha kuandika "certainly": reli ilikuwapo, njia panda ya nchi ilikuwapo. Naona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Kaeni wawili wawili, chagueni moja, dakika kumi, kisha yeye ndiye atatuanzia.