Kikundi Ni Chako Wewe, Sio Chake

Haya jamani, wa huko nyuma sogeeni, viti vipo. Mimi sio daktari, ni dada mtu tu. Kaka yangu alitumia heroini miaka tisa na mimi miaka tisa yote nililala na simu mkononi, mlango ukigongwa usiku moyo unaruka kabla sijajua ni nani. Siku naingia kikundi cha familia za watu wenye uraibu mara ya kwanza nilikuwa na swali moja, nimfanyeje aache? Mama mmoja mtu mzima akaniuliza, we mwanangu umekula leo? Nikakasirika mno, yaani nimekuja kwa ajili ya mtu anayekufa wao wananiuliza habari za kula.

Ilinichukua miezi kuelewa ndo maana nawaambia mapema, kile kikundi hakipo kwa ajili ya yule anayetumia, kipo kwa ajili yako.

Na hili lina historia. AA, yaani vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ilianza Marekani mwaka 1935. Mmoja wa waanzilishi ni Bill Wilson, mke wake anaitwa Lois, mama wa watu alihangaika na pombe ya mume miaka kibao, alafu mume akaacha, si ndo raha sasa? Wapi. Siku moja mume anamharakisha waende mkutanoni, Lois akarusha kiatu kwa hasira. Akajishangaa, pombe imetoka nyumbani mbona hasira imebaki, kumbe na yeye alikuwa anaumwa. Mwaka 1951 yeye na rafiki yake Anne wakaanzisha Al-Anon ya familia, 1957 ikaja Alateen ya vijana, na familia za wanaotumia madawa nao wana Nar-Anon.

Mle ndani mmoja anaongea wengine wanasikiliza, hakuna kumkatiza, hakuna kumwambia mwenzako ungefanya hivi, na yanayosemwa mle hayatoki. Uraibu wa mtu wako, wanasema, hukuusababisha, huwezi kuudhibiti, huwezi kuuponya. Mimi hilo la kwanza tu liliniliza, maana miaka yote najiuliza tulimkosea wapi.

Kitu nilichochelewa kukiona ni tofauti ya kumsaidia mtu na kumkingia kifua. Kumpigia bosi wake simu kusema anaumwa tumbo, kulipa deni la muuzaji, kumficha baba kwamba redio imeuzwa, nilifanya yote hayo nikaita upendo, na kweli ulikuwa upendo, ila ulikuwa unampa nafasi ya kuendelea. Lakini nisikilizeni vizuri hapa, maana watu wanaelewa vibaya. Kuacha kumkingia sio kumtupa. Mtu amezidisha dawa, midomo imebadilika rangi, anakoroma ajabu au hapumui vizuri, pale hakuna cha aache ajifunze, piga simu ya dharura, kama naloksoni ipo, ile dawa ya kuzima nguvu ya heroini mwilini, mpe, kama anapumua mlaze ubavu, usimwache peke yake. Na hatari inapanda sana akiwa ndo katoka rihabu au jela, mwili umeshasahau dozi yeye anarudia ileile ya zamani.

Na siwezi kuwadanganya. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa Marekani, familia 130 za watu wenye shida ya pombe wasiotaka matibabu. Familia zilizofundishwa mbinu inayoitwa CRAFT, namna ya kuongea naye, kumsifia akiwa hajanywa, kuchagua saa ya kumgusia matibabu, asilimia 64 walifanikiwa kumwingiza kwenye matibabu. Wale wa kumkalisha kikao na kumkabili wote kwa pamoja 30, wa njia ya Al-Anon 13. Kwa hiyo kama lengo lako ni hilo tafuta mshauri anayefundisha hiyo mbinu, na kikundi uende vilevile, sioni sababu ya kuchagua kimoja. Maana hata kwa hiyo 64 wapo waliobaki nje, na hao wana mama zao, wana wake zao, watoto wao, hao nani anawauliza kama wamekula?

Mkija siku ya kwanza sio lazima kuongea. Zamu ikikufikia sema tu napita, mwenzako wa pembeni ataendelea. Mimi nilipita wiki tano.