Matokeo Yasiyowahesabu Waliokosekana: Mitihani ya Kitaifa Nchini Kenya Baada ya Korona

Waheshimiwa walimu wakuu, walimu wenzangu, wazazi na wanabodi wa shule zetu, nawashukuru kwa kunialika. Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze jinsi janga la korona lilivyoathiri masomo na matokeo ya mitihani ya kitaifa. Nilipoketi na takwimu za matokeo hayo, niliona jambo ambalo limenisumbua tangu siku hiyo: ukiyatazama peke yake, huwezi kujua kwamba palitokea janga lolote. Mimi nilikuwa nikifundisha Kidato cha Nne wakati huo, na najua kwamba madhara yalikuwapo. Basi naomba tuchunguze leo yalikojificha.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zote zifungwe. Mwezi wa Julai, aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo umepotea. Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi tarehe 12 Oktoba, na wengine wote wakasubiri hadi tarehe 4 Januari 2021. Mitihani ya mwaka wa 2020 ilifanywa kuanzia Machi 2021.

Sasa sikilizeni matokeo. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2020 ilifanywa na watahiniwa 747,161, na 143,140 kati yao, yaani takribani asilimia 19, walipata gredi ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kujiunga na chuo kikuu moja kwa moja. Mwaka uliotangulia walikuwa takribani asilimia 18. Waliopata A waliongezeka kutoka 627 hadi 893. Wengi walifurahi, na watoto waliojitahidi katika hali ile walistahili kupongezwa. Hata hivyo, wapo waliofikia uamuzi kwamba miezi saba ya kukaa nyumbani haikudhuru chochote, na uamuzi huo ndio ninaoupinga.

Walimu waliowahi kusahihisha mitihani hii wanajua ninakoelekea, lakini wazazi wengi hawajawahi kuelezwa. Katika KCPE, uliokuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, alama alizozipokea mzazi hazikuwa zile ambazo msahihishaji aliziandika kwenye karatasi. Alama zilisawazishwa kitakwimu, kila somo likawa na wastani wa karibu 50, hata jumla ya masomo matano ikawa inazunguka 250 kati ya 500 mwaka baada ya mwaka. Alama ya namna hiyo humwonyesha mtoto mahali aliposimama miongoni mwa wenzake wa mwaka ule ule. Haionyeshi kama wenzake hao wanajua hesabu au kusoma kuliko waliowatangulia. Foleni nzima ikirudi nyuma hatua tatu kwa pamoja, wa kwanza hubaki wa kwanza na wa mwisho hubaki wa mwisho. Katika KCSE nako, mipaka ya gredi huamuliwa baada ya karatasi kusahihishwa. Sisemi haya kwa kulilaumu Baraza la Mitihani, kwa maana mtihani wa kuchagua nani aende shule ipi haukuundwa ili kupima hasara ya taifa zima. Kosa ni letu tunaoutumia kwa kazi isiyo yake.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi: matokeo huwahesabu waliofika kwenye chumba cha mtihani. Katika KCPE ya 2020, watahiniwa zaidi ya 12,000 waliokuwa wamesajiliwa hawakutokea, ilhali mwaka wa 2019 walikuwa takribani 5,500. Hao ni waliosajiliwa tu. Kaunti ya Siaya ulifanywa utafiti katika shule 12 za sekondari za mashambani, ukachapishwa mwaka wa 2022, ambao uliwalinganisha wasichana waliomaliza Kidato cha Nne mwaka wa 2019 na wale waliopaswa kumaliza mwaka wa 2020. Waliokumbwa na kufungwa kwa shule walikuwa katika hatari mara mbili zaidi ya kupata mimba kabla ya kumaliza sekondari, na mara tatu zaidi ya kuacha shule. Tafadhali zingatieni kwamba hawa ndio kundi la ile asilimia 19 tuliyoisherehekea. Msichana aliyeacha masomo mwezi wa Agosti akiwa mjamzito hakushusha wastani wa shule yake hata kwa nukta moja.

Masomo ya redio na televisheni yalikuwapo, na wenye simu za kisasa walipokea kazi kwa WhatsApp. Sitayarefusha hayo, kwa kuwa sote tunajua ni nyumba zipi zilikuwa na umeme na zipi hazikuwa nao.

Ninalotaka kulitilia mkazo ni bei ya kufidia muda. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza tarehe 26 Julai na kumalizika Machi 2022, ukiwa umebanwa kuwa majuma 30 badala ya 39, na mwaka wa 2022 ukaanza mwezi uliofuata. Katika mwaka mmoja wa kalenda, nchi ilifanya KCSE mara mbili. Silabasi haikupunguka kwa kadiri muda ulivyopunguka; tulikimbia, na aliyekuwa nyuma akaachwa. Jirani zetu wa Uganda, ambao shule zao hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, waliamua kuwapandisha wanafunzi darasa bila mtihani, na deni likabaki kwa mwalimu aliyewapokea.

Ombi langu ni moja. Siku matokeo ya KCSE yanapotangazwa, kando ya idadi ya waliopata A, itajwe idadi ya walioingia Kidato cha Kwanza miaka minne kabla, wavulana na wasichana, kaunti kwa kaunti. Wizara ya Elimu iliwasajili wanafunzi katika NEMIS, mfumo wake wa kompyuta wa kumbukumbu za elimu, kila mmoja na nambari yake, kwa hiyo pa kuanzia papo. Nasi shuleni hatuhitaji kungoja agizo la Nairobi, kwa sababu rejista za Januari 2020 ziko makabatini mwetu. Nimekuja na ya darasa langu, nimeipanga jina kwa jina kando ya orodha ya matokeo, na baada ya kikao hiki nitabaki hapa kwa mwalimu yeyote anayetaka kuona jinsi nilivyofanya, ili akaipange ya kwake.