Baridi Yabisi, Simu na Chupa ya Chai

ZUHURA: Haya karibuni tena, mi Zuhura, niko na kaka yangu Beka ambaye leo kaja na sweta utadhani tuko Makambako.

BEKA: Mvua imenyesha tangu alfajiri bana niache. Halafu si tunaongelea baridi yabisi leo, nimevalia mada.

ZUHURA: Haya. Wanaotusikiliza wanajua mama yangu ana ile rumatoidi athraitisi, baridi yabisi ya kuvimba viungo, asubuhi vidole vimekakamaa kama vya sanamu, mpaka saa nne huko ndo vinaanza kulegea. Kliniki ni kila miezi mitatu. Sasa siku ya kliniki yenyewe bi mkubwa kaamka vizuri, kaoga, kavaa dera jipya, dokta anamuuliza mama unaendeleaje, anajibu "namshukuru Mungu sijambo baba". Mi nimekaa pembeni nataka kupasuka!

BEKA: Hahaha, mama zetu hao.

ZUHURA: Wiki mbili nyuma nilikuwa namfunga vifungo vya gauni kama mtoto wa chekechea! Dokta kaandika anaendelea vizuri, dozi ile ile, haya kwaherini. Na dokta simlaumu, ataandika nini na mgonjwa mwenyewe kasema sijambo?

BEKA: Ndo maana nikakuletea hii ya Manchester, Uingereza, ya mgonjwa kusema hali yake kila siku kwa simu. Kuna daktari wa viungo kule chuo kikuu anaitwa Will Dixon, yeye na wenzake mwaka 2016 walianzisha utafiti wakauita Cloudy with a Chance of Pain, yaani mawingu na uwezekano wa maumivu, watu zaidi ya 13,000 Uingereza wakajiunga, wagonjwa wa viungo na maumivu mengine ya muda mrefu. Uko kwako nyumbani, kila siku simu inakukumbusha, unabonyeza leo maumivu yako kiasi gani, asubuhi umekakamaa, umelalaje, moyoni una raha au huzuni, ngazi tano tu kuanzia hamna mpaka makali sana. Na simu inajua uko wapi kwa hiyo inachukua hali ya hewa ya hapo hapo ulipo.

ZUHURA: Yote hiyo kujua kama mvua inaumiza mifupa? Bibi angewaambia bure.

BEKA: Sikia sasa, majibu yalitoka 2019. Siku za unyevunyevu na upepo na mgandamizo wa hewa ukiwa chini, uwezekano wa kuumwa kuliko kawaida unapanda kama asilimia 20. Usitishike lakini, maana yake kama siku ya kawaida ni 5 kwenye 100, siku hiyo ni 6. Joto na baridi kwa wastani wala havikuonekana kuhusika kivile.

ZUHURA: Ngoja ngoja. Kwa hiyo baridi yabisi sio baridi?

BEKA: Na yabisi maana yake kavu! Wenzetu wamekuta unyevu.

ZUHURA: Maneno mawili, makosa mawili! Bibi samehe.

BEKA: Ila ule ulikuwa utafiti, majibu hayaendi kwa dokta wako. Hao hao Manchester wakaja pia na REMORA, programu ya simu ya wagonjwa wa rumatoidi, hii ukibonyeza nyumbani inaingia kwenye faili lako la hospitali, ukifika dokta anaona grafu ya siku zote mlizokuwa hamjaonana. Denmark nao wana daftari la taifa la wagonjwa wa viungo, DANBIO, tangu 2000, wagonjwa walikuwa wanajaza kwenye skrini pale pale wanaposubiri dokta, ilipokuja korona 2020 wakaruhusiwa kujazia nyumbani.

ZUHURA: Sasa mama akibonyeza tano saa nane usiku nani anaiona?

BEKA: Hapo ndo watu wengi wanachanganya, ile sio namba ya dharura, hamna mtu amekaa anaiangalia usiku kucha.

ZUHURA: Na kuna kuchoka pia jamani, kila siku unaulizwa unaumwa unaumwa, hata ulikuwa umeshasahau unakumbushwa! Mi nilijaribu kwa watsap, nikamwambia mama nitumie namba kila asubuhi, sifuri mpaka nne. Wiki nzima sifuri, sifuri, sifuri na dua juu. Nikaona hapa hamna kitu, nikabadilisha swali, nikamuuliza chupa ya chai leo umefungua mwenyewe?

BEKA: We! Umelifikia lile dodoso la HAQ bila kujua, maswali ya kupima mgonjwa anamudu nini kila siku, la chuo cha Stanford Marekani la mwaka 1980, lenyewe linauliza unaweza kujifunga vifungo, unaweza kufungua kopo, mambo ya nyumbani kabisa.

ZUHURA: Basi majibu yakaanza kuja ya kweli, "kanifungulia mjukuu", "leo nimefungua mwenyewe", voisi noti za dakika tatu mpaka na habari za jirani humo humo. Kliniki iliyofuata nikaenda na hesabu, siku 30, chupa imefunguliwa na mjukuu siku 17. Dokta kaiangalia, akamgeukia, "mama mbona hukuniambia?"

BEKA: Akasemaje?

ZUHURA: "Si hukuniuliza chupa, baba."