Sanamu la Bismini, kabla halijapanda juu

Jamani wa nyuma mnaiona? Zimeni hiyo taa ya mbele basi. Haya. Picha hii haina tarehe wala jina kwa nyuma ila ni pale pale Dar, Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe, ni msingi tu na jukwaa la miti, juu hamna kitu kabisa. Mwenyewe, Sanamu la Askari, bado hajafika. Yule askari wa shaba nyeusi ni kazi ya James Alexander Stevenson, kasubiwa, yaani kamiminwa kwenye kalibu, Uingereza huko, watu wa London wakamwona kwanza ndo akapakiwa melini, akazinduliwa hapa 1927. Kwa iyo kilichojengwa Dar ni hicho mnachokiona, mawe, na waliojenga ndo hao vibarua, yule wa kushoto mwenye karai katikisika wakati anapigwa picha, uso umekuwa moshi mtupu.

Sasa kabla yake pale alisimama mtu mwingine, Mjerumani, Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao huku, yeye juu, na chini yake askari Mwafrika anainamisha bendera juu ya simba aliyekufa, yaani hata kwenye shaba sisi tulikuwa chini. Waingereza walipouteka mji 1916 wakamng'oa, mwisho akasimikwa Hamburg mbele ya chuo kikuu, na huko nako wanafunzi wakaja kumwangusha miaka ya 1960. Lakini waulizeni wazee wa Dar pale panaitwaje. Sanamu la Bismini! Mimi kila nikilisikia namsikia Wissmann mle ndani, mtu kang'olewa ila jina limegoma, limemrukia askari wa watu ambaye hana kosa.

Alafu kuna hili, mimi linaniuma. Maandishi ya pale aliyatunga Rudyard Kipling, yule mwandishi Mwingereza, na yanawataja wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, sawa, ila inua macho, mpagazi hayupo, yupo askari peke yake na singe kaielekeza bandarini. Nairobi walau walisimamisha watatu na mpagazi yumo. Wa kwetu wako wapi? Wako Kariakoo, ile keria ko ya Waingereza, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, kambi yao ilikuwa pale, leo konda anapiga kelele Kariakoo Kariakoo kutwa nzima, anawaita wapagazi na wala hajui.

Naona mzee pale nyuma mkono uko juu toka niliposema Bismini, mpeni maiki.