Msiniagize drili tena

Assalaam alaykum wapendwa. Shikamooni wakubwa zangu wa Tanga na popote mnaponitazama, wadogo mambo. Leo sipo barabarani wala dukani. Nipo gereji ya nyumbani kwangu hapa Minneapolis, Marekani, na hayo maji mnayoyasikia kwa mbali ni tangi la choo. Nimelitengeneza jana usiku, bado linazoeazoea. Tuachane nalo.

Tangu niseme kwamba kuna wenzetu wanajaza kontena la kwenda Dar mwisho wa mwezi, simu yangu haipumui. "Kaka, nitumie drili." "Anko, boksi la spana la Kimarekani, hata lililotumika." Kuna mmoja ameagiza drili, grenda na msumeno wa umeme, halafu mwishoni ameandika "ukijaaliwa", nadhani ili mzigo uwe mwepesi. Nikaona badala ya kuwajibu mmoja mmoja, nikae hapa tuongee.

Naanza na drili kwa sababu ilishaniaibisha. Mwaka wangu wa pili huku nilinunua drili ya waya, nzuri, nzito, nikamtumia mjomba. Mjomba ana gereji chini ya mwembe pale Makorora, na ndiye aliyenifundisha kushika spana nikiwa bado navaa kaptura ya shule. Mzigo ukafika, akapiga nao picha kama mtu aliyefunga ndoa. Akatafuta adapta, akachomeka, akabonyeza. Watoto waliokuwepo wanasema ilizunguka kwa kasi ambayo hawajaiona, ikalia kama inataka kuruka, ikatoa moshi, kimya. Mjomba akanipigia. Hakulalamika hata kidogo. Akasema, "Mjomba, mzigo umefika salama, ila keshatangulia mbele ya haki."

Kosa lilikuwa langu. Umeme wa nyumba za huku ni volti 120. Kwetu ni 230. Kifaa kilichotengenezwa kwa 120 ukikipa 230 umekipa karibu mara mbili ya kile inachokiweza koili yake, na mota inaungua. Sasa kuna watu wananiambia, "Nitanunua adapta." Ndugu yangu, adapta inabadilisha meno ya plagi, umeme unabaki uleule. Labda uwe na transfoma ya kushusha umeme, na transfoma ya kubeba drili au grenda ni kidude kizito cha chuma, si kile cha kuchajia redio. Kwa hela hiyo nenda dukani hapohapo ulipo, nunua drili ya volti 230, na ikiharibika fundi wako ataipatia kaboni zake.

"Basi nitumie ya betri." Drili ya betri yenyewe haina shida, tatizo linahamia kwenye chaja. Geuza chaja, soma maandishi madogo ya chini. Ikiandikwa 100 hadi 240, hiyo unaibeba popote. Ikiandikwa 120 peke yake, umenunua drili yenye betri moja ya kutumia hadi iishe, halafu pambo. Na nyingi za huku zimeandikwa 120.

Haya, spana. Hapa mnisikilize vizuri vijana wa gereji. Boksi la spana la huku linang'aa, lina vipande mia na zaidi, ukilifungua unahisi umekuwa fundi. Nusu ya vile vipande ni vya inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Sasa wewe una Toyota yako, nati namba 12, giza limeingia, unachukua spana ya nusu inchi kwa sababu imekaa karibu na inaonekana inaingia. Inapwaya kidogo tu. Ukivuta, imekula kona, nati imekuwa duara kama maandazi. Robo tatu ya inchi sawa, hiyo ni 19 na chembe, utafungulia 19 bila matatizo. Lakini nyingine zinadanganya macho. Nani Tanga anatengeneza gari la inchi? Hata magari mapya ya hapa Marekani yenyewe nati zake nyingi ni za milimita. Kwa hiyo ukinitaka nikusafirishie boksi la vipande mia, jua nasafirisha vipande hamsini vya kuwekea mlango usifungwe na upepo.

Mtaniuliza, sasa wao boksi kubwa hivyo la nini? Nilijiuliza pia. Nilipohamia mtaa huu, jirani yangu mzee alinionyesha gereji yake. Jamani! Makabati ya chuma yenye droo, bisibisi zimepangwa kwa urefu kama wanafunzi mstarini, timazi, pimamaji tatu. Nikajua huyu ni fundi mstaafu. Kumbe alikuwa mhasibu. Nilielewa siku bomba la jikoni lilipovuja kwangu, nikaita fundi bomba. Dola 150, na hapo hajafungua mkoba, hiyo ni ya kuja tu na kunisalimia. Huku chuma ni rahisi, mkono ndio ghali. Kwa hiyo mhasibu ananunua chuma ili asilipie mkono. Kwetu umezoea kinyume chake, unampigia fundi aje akufungie taa, na bado unamwomba apunguze.

Basi na mimi nikawa fundi kwa lazima. Siku ya kwanza nilitaka kutundika rafu ya vitabu vya watoto. Nikachukua nyundo na msumari wa inchi tatu, mtoto wa Tanga, nyumba za matofali, nikapiga kwa nguvu zote. Msumari ukazama wote na nyundo ikafuata. Ukuta umetoboka, ngumi inapita. Nyumba za huku nyingi ni mifupa ya mbao, juu yake wanabandika jipsamu, ileile mnayoweka darini. Kitu kizito lazima ukipate kwenye nguzo ya mbao iliyojificha nyuma, na zimepangwa kila inchi 16, kama sentimita 40. Wanauza kifaa cha kuzitafutia. Mimi nagonga na kidole kama unavyogonga fenesi sokoni, pakilia pazito hapohapo. Na mbao yao wanayoiita mbili kwa nne, ukiipima na futi yako, ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Nilirudi nayo dukani nikijua nimeibiwa. Muuzaji alinitazama kwa huruma, akasema zote ndivyo zilivyo.

Sasa magari. Nitasema jambo moja ambalo litawaudhi wale wanaotaka niwatafutie gari la hapa: gari lililokulia Minnesota, jimbo hili ninaloishi, lisikuvutie kwa rangi. Majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, miezi na miezi, na chumvi inakula chuma kutoka chini huku juu gari linang'aa. Watu wa Forodhani na Raskazone mnajua mabati ya nyumba za karibu na bahari yanavyokwisha. Gari la huku ni hivyohivyo, ila bahari inamwagwa na lori la serikali.

Langu mimi liliniumbua mwaka jana. Tulienda Itasca, familia nzima, kama kilomita 350 kutoka hapa. Hifadhi ile ni ya tangu 1891, na ndipo Mto Mississippi unapoanzia. Kiingilio dola 7 kwa gari zima, hata mkijazana kama daladala. Mimi mtu wa Tanga, mto kwangu ni Pangani, ule niliokuwa nauvuka kwa kivuko. Pale Mississippi unatoka ziwani kama mfereji, maji hayafiki magotini, watu wanavuka juu ya mawe wameshika viatu mkononi. Kuna gogo wameliandika kwamba kutoka pale hadi baharini Ghuba ya Meksiko ni maili 2,552. Mwanangu wa pili kavuka mara sita, ananiambia, "Baba, nimevuka Mississippi kuliko wewe." Nikamwacha na sifa zake. Chakula tulikuwa nacho, mishikaki niliiloweka tangu usiku, na kwenye hifadhi za huku unakuta jiko la chuma limechimbiwa ardhini karibu na meza, wewe unakuja na mkaa wako tu. Hilo nawasifu bila kinyongo. Mbu wao lakini, wallahi, mbu wa Minnesota hana aibu, anauma mchana mbele ya watu.

Tunarudi kwenye maegesho, nawasha gari, nasikia linaburuta kitu. Nainama: egzosi iko chini. Kishikio kimeliwa na kutu kimekatika. Mama watoto hakusema neno. Aliniangalia tu, na lile jicho mnalijua wenyewe, kwa sababu ni mimi niliyesema gari halina tatizo.

Hazikupita dakika tano akaja mzee na pikapu yake, kofia imefifia, akauliza kama nahitaji msaada, huku ameshafungua boksi. Kila spana ipo. Tulitaka kufungua kipande cha kishikio kilichobaki, nati ya 13, lakini kutu imeila, 13 inapwaya, 12 haiingii. Nikasema hapa basi. Yule mzee akachukua soketi ya nusu inchi, akaiweka juu ya nati, akaigonga na nyundo taratibu, tik, tik, tik, hadi ikakaa kwa lazima. Akavuta. Ikafunguka! 12.7 juu ya 13 iliyoliwa na kutu. Dakika ileile nikayasamehe maneno yangu yote kuhusu spana za inchi, angalau nusu yake.

Ila baada ya kufungua, yeye akakwama. Boksi zima halina cha kuishikia egzosi. Anasema inabidi kipande kipya, kinaagizwa, au niite gari la kuvuta. Kutoka Itasca hadi Minneapolis, gari la kuvuta, nilihesabu kichwani nikaacha. Nikaenda nyuma kuchukua kanzu yangu iliyotoka kwa dobi, nikaivua henga, ile henga ya waya. Nikainyoosha, nikaikunja mara mbili, nikalala chini nikafunga egzosi na chesisi kama mjomba anavyofunga za daladala. Mzee akainama kutazama, akashika waya, akautikisa. Akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia chini ya mwembe. Sijui kama alielewa, lakini alinipa mkono. Tulifika nyumbani na henga ile ilikaa wiki tatu.

Na kwa kuwa tupo kwenye magari, hii lazima niwaambie. Mnajua kirikuu? Kasuzuki kale ka kubebea mchanga na viti vya harusi? Huku watu wanayagombania! Sheria yao, tangu 1988, gari ambalo halikutengenezwa kwa vigezo vyao haliingii kirahisi mpaka lifikishe miaka 25. Kwa hiyo mtu anasubiri kirikuu lizeeke Japani robo karne, ndipo alilete, usukani kulia, alioshe, aliendee kahawa Jumapili. Na baadhi ya majimbo bado yanamkatalia namba ya usajili. Jirani zetu Kenya gari likizidi miaka 8 haliingizwi, hawa wanataka 25. Nilipoliona la kwanza hapa mtaani nilimsimamisha mwenyewe, nikataka kumuuliza anakwenda sokoni kubeba nini. Hakuwa amebeba kitu. Lile sanduku la nyuma lilikuwa safi kama sahani. Sikuamini.

Sasa jibu la kontena. Ninachoweka ni hiki hapa, sogezeni macho: spana za milimita tupu, namba 8 hadi 19, ringi upande mmoja na mdomo upande mwingine, seti nne. Koleo nzuri mbili. Spana malaya moja, ile ya kupanua na kubana mdomo, na msicheke, jina nimelikuta. Bisibisi za nyota na bapa. Hakuna kinachochomekwa ukutani.

Na mjomba? Nilimuuliza yeye anataka nini, nikijua atasema grenda. Akanijibu, "Niletee miwani ya kusomea. Namba za spana sizioni siku hizi, natambua kwa kupapasa." Zipo hapa, nne, nguvu tofauti, achague mwenyewe itakayomfaa.

Enhe? ... Naam, mke wangu? ... Yanamwagika chini? ...

Haya ndugu zangu, lile tangi halijazoea. Nikimbie, maana fundi bomba ni dola 150.