Masanduku ya Mjerumani: Nani Kasimulia?

ZUHURA: Karibuni barazani, wasikilizaji. Mimi Zuhura, na huyu hapa…

KULWA: Kabla hujakaribisha mtu, mtani, nisaidie laki tatu.

ZUHURA: Tumeshaanza kurekodi.

KULWA: Najua. Nakuomba sasa hivi ili uone haya kunikatalia mbele za watu.

ZUHURA: Mmemsikia Mnyamwezi wenu. Laki tatu ya nini?

KULWA: Ya ba'mdogo. Yule wa Tabora.

ZUHURA: Wa mradi wa sungura?

KULWA: Huyo huyo. Jumapili kanipigia saa kumi na moja alfajiri. Sasa simu ya nyumbani saa hiyo ni msiba, nikakaa kitandani nasubiri kutajiwa marehemu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, uko peke yako?" Nikasema niko peke yangu, shikamoo. Akasema, "Mali ya Mjerumani imeonekana."

ZUHURA: Yesu na Maria. Na mimi ni Mwislamu.

KULWA: Chini ya ule mwembe nyuma ya nyumba ya babu. Kaja mtaalamu na mashine ya kupimia, imelia mara tatu. Masanduku saba. Sasa ukoo unachangishana mtaalamu aingie hatua ya pili.

ZUHURA: Hatua ya pili ni ipi?

KULWA: Ni laki tatu kila kichwa.

(Wanacheka)

ZUHURA: Haya, na tumeingia kwenye mada bila kupiga hodi, maana leo tulipanga nadharia za njama. Nimeandika maswali matano ya kumsaidia msikilizaji kupima hadithi ya aina hii, nitayasoma mwishoni. Usinicheke. Safari hii mwishoni tutafika.

KULWA: Hatujawahi kufika.

ZUHURA: Leo tutafika. Kwanza niambie, walijuaje ni hapo?

KULWA: Kuna alama. Jiwe la saruji limezama ardhini, katikati lina chuma. Mtaalamu kasema chuma kile kinaelekeza kwenye mwembe.

ZUHURA: Kulwa, hiyo ni bikoni. Ya wapimaji ardhi! Chuma katikati ya zege, hata kwetu Kisarawe zipo. Ukiing'oa unashtakiwa.

KULWA: Nilimwambia. Kajibu, "Na Mjerumani ndivyo alivyotaka tudhani."

ZUHURA: Hapo sasa. Umekataa, ni ushahidi. Umekubali, ni ushahidi.

KULWA: Lakini si tamu? Sema kweli. Mimi nilikaa kitandani naisikiliza kama taarabu. Kuna boma, kuna vita, kuna usiku wa manane, kuna wapagazi kumi na wawili wamebeba masanduku, na bwana mkubwa wa Kijerumani anawaambia wachimbe. Wakimaliza, anawapiga risasi wote na kuwafukia humo humo, siri isitoke.

ZUHURA: Wote?

KULWA: Wote kumi na wawili.

ZUHURA: Na yeye Mjerumani?

KULWA: Alifia vitani wiki iliyofuata.

ZUHURA: Basi nani kasimulia?

(Kimya, kisha kicheko)

KULWA: Subiri. Subiri kwanza. Labda mpishi.

ZUHURA: Mpishi alikuwa anafanya nini porini usiku wa manane?

KULWA: Masanduku saba, watu wanachimba, hawali?

ZUHURA: Kila hadithi ya Mjerumani niliyowahi kusikia, wazikaji wanauawa wote. Iwe Lindi, iwe Moshi, iwe Mahenge. Hakuna hata mmoja aliyebakiza shahidi, na bado kila kijiji kina idadi ya masanduku.

KULWA: Huyo mpishi alizunguka sana.

ZUHURA: Alikuwa anahamishwa vituo. Haya, mimi nilikaa jana nikatafuta, maana ulinitumia ile sauti ya ba'mdogo. Hapo hapo Tabora kweli kulikuwa na dhahabu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, gavana wa Kijerumani, Schnee, alihamishia serikali Tabora, na Mwingereza kafunga bahari, hela hazifiki kutoka Ulaya. Mwaka 1916 wakatengeneza zao wenyewe kwenye karakana ya reli, sarafu ya rupia 15 ya dhahabu, ina tembo upande mmoja. Dhahabu yenyewe ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba.

KULWA: Umeona! Sasa unanipa nguvu.

ZUHURA: Nangoja ufurahi kwanza. Zilitengenezwa 16,000 na kidogo. Kila moja gramu 7 na kidogo. Zidisha.

KULWA: Mimi nilisoma sanaa.

ZUHURA: Kilo 115 hivi. Zote, Kulwa. Za koloni zima. Hiyo ni abiria wawili wembamba. Bodaboda moja inazibeba na inapita daladala. Masanduku saba ya ba'mdogo yamejaa nini?

KULWA: Mengine yana zebaki nyekundu.

ZUHURA: Sikulitarajia hilo.

KULWA: Mtaalamu kasema. Sanduku la tatu halifunguliwi bila dawa.

ZUHURA: Zebaki nyekundu, hicho kitu wanachodai kina thamani na nguvu za ajabu, haipo duniani. Mwaka 2009 huko Saudia watu waligombania cherehani kuukuu za Singer, bei ikapaa, eti zina zebaki nyekundu kwenye sindano. Wakawa wanazipima kwa simu. Unaisogeza simu kwenye sindano, laini ikikatika, basi imo. Polisi wakasema ni uzushi, watu wakaendelea kununua. Na huyo huyo Mjerumani wako mwenye hazina, kufika 1917 anapiga noti porini kwa mihuri ya mpira, kakosa hata karatasi ya maana. Mtu mwenye masanduku saba ya dhahabu anachapa noti kwa mihuri ya mpira?

KULWA: Kwa sababu kashaizika!

ZUHURA: Mungu wangu.

KULWA: Tena nikuulize kitu. Mjerumani aliwahi kuficha kitu au hakuwahi?

ZUHURA: Usianze na meli.

KULWA: Naanza na meli.

ZUHURA: Wasikilizaji, kila akishindwa huyu hukimbilia Kigoma.

KULWA: Meli ya Graf von Götzen. Imeundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku elfu kadhaa, ikapandishwa meli nyingine hadi Dar, ikapakiwa kwenye treni mpaka Kigoma, wakaiunga upya kama kitanda cha kununua dukani. Ikaingia majini 1915. Julai 1916 Wabelgiji wanakaribia, Wajerumani wanataka kukimbia. Wakafanyaje? Wakapaka mashine grisi nene, wakaizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika, kwenye mdomo wa mto Malagarasi. Grisi, Zuhura. Unapaka grisi kitu utakachokirudia.

ZUHURA: Hilo silikatai.

KULWA: Ikapita miaka minane. Waingereza wakaiibua 1924, wakakuta mashine nzima. Mwaka 1927 inarudi kazini, wanaiita Liemba. Mwaka 2015 ndiyo hiyo hiyo inakwenda Kagunga kuchukua wakimbizi wa Burundi. Meli iliyofichwa! Na ile manowari ya Rufiji, Königsberg, imepigwa 1915, wakaichomoa mizinga kumi na kuiburuta nchi kavu wakapigania nayo. Mmoja uko Fort Jesus Mombasa, nimeushika kwa mkono. Watu wa namna hiyo washindwe kuzika kasanduku?

ZUHURA: Angalia ulichosema. Meli waliyoificha, kila mtu alijua ilipo. Wabelgiji ndio waliotangulia kuiibua, kabla Mwingereza hajaja. Ikawazamia tena.

KULWA: Walikosa grisi.

ZUHURA: Mizinga waliichomoa na kuitumia. Hawa si watu wa kuacha kitu nyuma. Ndiyo hoja yangu yote.

KULWA: Mpishi wa Liemba alikuwa nani?

ZUHURA: Kulwa.

KULWA: Nauliza tu. Maana ile siri ilitoka. Kwa hiyo kuna mpishi aliyepona.

(Wanacheka muda mrefu, sauti ya fundi mitambo naye inasikika)

ZUHURA: Hata fundi kaacha kazi. Haya, ngoja nikupe yangu, hii haichekeshi sana. Unajua Tendaguru?

KULWA: Lindi. Mijusi.

ZUHURA: Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale. Wakaifunga, wakaitia kwenye masanduku, wapagazi wetu wakaibeba vichwani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Tani 250 hivi. Sasa iko Berlin, dinosaria mmoja amesimamishwa ana mita 13 na zaidi kwenda juu. Kwa hiyo mzee wa Lindi akikwambia babu yake alibeba masanduku mazito ya Mjerumani na hakuambiwa yana nini, haongopi. Alibeba kweli. Yakapanda meli yakaenda. Na sisi leo tunachimba chini ya mwembe.

KULWA: Hii umeificha tangu tuanze?

ZUHURA: Nilikuwa naipaka grisi.

KULWA: Sawa. Lakini sikiliza, hapo hapo mimi ninakugeuzia. Umesema babu alikumbuka sawasawa: masanduku yalikuwepo, mazito, ya siri, na waliobeba hawakupata kitu. Nani aliyetunza kumbukumbu hiyo miaka mia? Si kitabu cha shule. Mimi shuleni niliambiwa Mjerumani alijenga reli. Ni hadithi ya ba'mdogo ndiyo iliyonifundisha kwamba kuna mali ilichukuliwa.

ZUHURA: Haikukufundisha ilichukuliwa. Imekufundisha iliachwa! Hadithi yenu inasema mali bado ipo, ni yako, chimba. Mtu akiamini hivyo hatauliza kitu Berlin. Anauliza mwembe.

KULWA: Anaanza na mwembe. Wewe unataka mtu wa kijijini aanze na makumbusho ya Ujerumani? Mashaka lazima yaanzie mahali. Ba'mdogo haamini serikali ya mkoloni, haamini bikoni, haamini maelezo ya kwanza anayopewa. Huyo ni mtu anayehoji.

ZUHURA: Anahoji kila mtu isipokuwa mwenye mashine! Huyo mtaalamu hajaulizwa hata jina la kijiji chake. Sasa hayo ni mashaka gani, yanayoruka mtu aliyeshika mfuko?

KULWA: Ndiyo, hapo kapigwa.

ZUHURA: Unakubali?

KULWA: Nakubali kapigwa. Sikubali kwamba hadithi ni mbaya. Mwizi akija na gari la wagonjwa utachukia hospitali?

ZUHURA: Hilo gari la wagonjwa kila siku linaendeshwa na mwizi, Kulwa. Kila siku! Nionyeshe mtu mmoja ambaye hadithi ya hazina ilimfikisha kwenye historia. Mimi nitakuonyesha waliofukiwa na kifusi, na magofu ya watu yaliyochimbuliwa sakafu.

KULWA: Mimi hapa. Usingejua habari za Tendaguru leo kama ba'mdogo asingepiga simu Jumapili.

ZUHURA: Niliijua zamani.

KULWA: Lakini hukuitaja. Vipindi vyote hivi hujawahi kuitaja. Imekuja kwa sababu ya masanduku saba.

ZUHURA: (anasita) Hiyo ni hila.

KULWA: Ni hoja.

ZUHURA: Ni hila, kwa sababu mimi na wewe tuna muda wa kukaa studio tukacheka. Sisi hadithi hii inatuburudisha, yeye inamgharimu. Shangazi yako kauza nini kuchangia?

KULWA: Mbuzi wawili.

ZUHURA: Basi.

KULWA: Basi nini? Watu huuza mbuzi kwa bahati nasibu pia, na bahati nasibu haina hata tembo. Mimi sisemi achangie. Nimemwambia hapana, kanikatia simu, kwenye kundi la ukoo naitwa msaliti aliyetumwa na wazungu. Nasema tu kwamba ukiwaondolea watu hadithi zao ukawapa orodha ya maswali matano, wataenda kwa anayesimulia vizuri. Na anayesimulia vizuri ndiye mwenye mashine.

ZUHURA: Kwa hiyo tukae kimya?

KULWA: Tusimulie vizuri kumzidi.

ZUHURA: Na ukisimulia vizuri kumzidi, na wewe unakuwa mwenye mashine. Siwezi kukubaliana na wewe hapa. Hata chembe.

KULWA: Nami siwezi.

ZUHURA: Basi tuache palepale. Fundi ananionyesha vidole, amebakiza… kile ni kidole kimoja au anakuna pua?

KULWA: Dakika moja.

ZUHURA: Nisome maswali haraka. La kwanza: nani alikuwepo, na habari imemfikiaje anayeisimulia?

KULWA: Mpishi.

ZUHURA: La pili: nani anapata hela ukiamini…

KULWA: Mpishi pia. Mpaka leo hajalipwa.

ZUHURA: Wasikilizaji, yamebaki matatu, na yalikuwa mazuri. Nilikuwa na swali la nne ambalo…

KULWA: Kanyanyua mkono, anazima. Tukutane Jumanne.

ZUHURA: Alhamisi! Wiki ijayo ni Alhamisi, Kulwa, Jumanne studio ina watu wa harusi. Nimesema mara ngapi?